Sista Alisema Nimemuua Mwanangu

Nina umri wa miaka thelathini na moja, na ninaishi kwa baba yangu karibu na Migori, ingawa nilitolewa mahari, na mume wangu yu hai. Wasomaji wenzangu, mkimwona mwanamke aliyerudi kwa wazazi wake namna hii, najua mnavyofikiri. Mnafikiri ni uvivu, au mdomo mchafu, au mwanamume wa nje... Laiti ingekuwa mojawapo ya hayo! Hayo mtu huweza kuyasimulia. Langu mimi nimelificha miaka mingi, na hata sasa ninapoandika nimefunga mlango, mama asije akaingia na kuniuliza naandika nini.

Naitwa Dorka. Niliolewa Sindo, ufuoni mwa ziwa. Mume wangu, Owiti, alikuwa akinunua samaki kwa wavuvi, anawakausha, kisha anawapeleka kuwauza hadi Isebania. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipotoka safarini alipenda kukaa jikoni nikisonga ugali, jambo ambalo wanaume wenzake walimchekea. Mama yake, Rispa, alikuwa mjane. Yeye hakuniita Dorka. Aliniita nyar Suna, yaani binti wa Suna, nilikozaliwa, na wageni wakija aliwaambia kwamba nyar Suna hajawahi kumjibu vibaya hata siku moja.

Nilipopata mimba, Mama Rispa alitaka nizalie nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji aliyemzalisha yeye mwenyewe. Owiti akakataa. Alisema nchi imepata uhuru, wake za walimu wanajifungulia hospitalini Homa Bay, kwa nini mkewe azalie sakafuni?

Nami, wasomaji, nilijivuna! Nilikwenda sokoni nikawaambia wenzangu kwamba mimi nitazalia kwenye kitanda cha chuma. Nilisema kwa sauti ya juu, mkunga yule akiwa amekaa hatua chache tu akiuza mtama wake. Alinisikia. Maneno yangu hayo nilikuja kukumbushwa kila siku...

Uchungu ulinianza alfajiri. Tulipanda mashua ya injini iliyokuwa ikipeleka samaki Homa Bay, mimi, Owiti na Mama Rispa, na jua lilikuwa bado halijawa kali tulipofika kwenye lango la hospitali. Sitaitaja jina. Askari wa langoni alisema wenye kuzaa huingia peke yao. Mama Rispa akanifungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya vizuri kama vile nakwenda kanisani, akaniambia niwe mtiifu kwa wenye hospitali.

Nilikuwa mtiifu. Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa mtiifu!

Sista wa wodi alikuwa mwanamke kijana, labda amenizidi miaka michache tu. Gauni lake jeupe lilipigwa pasi hadi likawa linatoa sauti akitembea. Nilipomsikia akizungumza Kijaluo nilifurahi moyoni. Nikasema, huyu ni dada yetu, tunasema lugha moja, atanisikiliza.

Alinipima, akasema bado. Akaniamuru nilale na nisishuke kitandani. Uchungu ulipozidi nikalia. Akaja akanizaba kofi la paja, akaniuliza kama siku ile nilipokuwa na mume wangu nililia hivyo. Wodi nzima ilisikia. Wengine walicheka, si kwa ubaya, nadhani kwa woga. Nilifunika uso kwa shuka. Tangu hapo nikawa nalia ndani kwa ndani, nimeuma ncha ya shuka.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwanamke aliyetoka Kisegi aitwaye Mikal, aliyekuwa amejifungua siku iliyotangulia. Jua lilitua, likachomoza tena, na mimi nikawa bado vile vile. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka tangu jana yake. Mikal akamwita sista, akamwambia huyu mwenzetu anateseka, na kwamba kwa mtu aliyezaa watoto wengi kama yeye, hali hii haionekani kuwa ya kawaida. Sista akamwuliza ni nani kati yao aliyesomea kazi ile. Mikal akanyamaza. Alikuwa na mtoto mchanga mkononi na bado alihitaji huruma ya sista huyo.

Halafu daktari akapita.

Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito... Alikuwa Mzungu mrefu mwenye haraka. Alisimama mwisho wa kitanda changu, akamwuliza sista kwa Kiingereza hali yangu. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo. Sista alijibu kwamba naendelea vizuri, kwamba ni mimba ya kwanza na mimi ni mwoga. Nilielewa kila neno! Daktari akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Mama, mzuri?"

Sista alikuwa nyuma yake, ananitazama.

Nikajibu, "Mzuri, daktari."

Akaandika kitu, akaenda kwa mwingine.

Wasomaji, mimi ndiye niliyesema. Ulimi wangu mwenyewe! Mtu aliyeweza kuniokoa alisimama mbele yangu akaniuliza, nami nikamwambia ni mzuri, kwa sababu niliogopa kofi. Mnaweza kuelewa jambo kama hilo? Mimi hadi leo silielewi vizuri.

Mwanangu alizaliwa alasiri ya siku hiyo. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Sista alimgeuza, akampiga mgongoni, akamgeuza tena, na nikaona uso wake umebadilika. Kwa muda mfupi alionekana kama msichana aliyevunja chungu cha watu. Kisha akanitazama, akasema:

"Ulibana miguu. Umemnyonga mtoto wako mwenyewe."

Sikubishana naye. Ningebishana vipi? Mimi nilijua nini? Nilikumbuka tu kwamba wakati fulani maumivu yalipozidi nilijikunja kweli. Nikaamini.

Akatoka nje na kuwaambia watu wangu maneno yayo hayo. Nilisikia kilio cha Mama Rispa kupitia dirishani. Yeye ndiye aliyepewa mtoto, amefungwa katika shuka, akarudi naye Sindo kwa mashua pamoja na Owiti kumzika. Mimi nilibaki wodini. Sikupewa kumshika.

Siku chache baadaye nilianza kuamka nimelowa. Nilidhani ni udhaifu wa uzazi, utapita. Haukupita. Mkojo ulitoka wenyewe, nikilala, nikikaa, nikisimama, bila kuniuliza. Nilipomwambia sista alisema ni uchafu na uvivu wa kwenda chooni. Akanipa shuka zangu nikazifue mwenyewe kwenye bomba la nje, mbele ya watu waliokuja kutazama wagonjwa wao, ilhali nilikuwa sijaweza hata kunyoosha mgongo. Mikal alitaka kunisaidia. Akarudishwa kitandani kwake.

Owiti alipokuja kunichukua alileta mbuta, samaki mkubwa aliyefungwa kwa majani. Nilidhani ni wangu. Alikuwa wa sista. Alimpa kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kunitunza...

Nyumbani, kwa muda, Owiti alikuwa mpole. Aliniletea matambara kutoka sokoni bila kuuliza ya nini. Lakini jioni moja, tukiwa tumekaa mbele ya chakula, aliniuliza:

"Dorka, ni kweli ulibana miguu?"

Nikamjibu, "Sista amesema."

Basi. Alisukuma sahani, akatoka. Hatukulizungumza tena jambo hilo kwa miaka. Ningesema hapana, labda angenisimamia. Lakini ningesemaje hapana, wakati mimi mwenyewe kila usiku nilijiona muuaji?

Harufu ikawa haifichiki. Nilifua asubuhi, nikafua mchana, nikajipaka majani ya kunukia, na bado nzi walinifuata. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, nimekalia khanga iliyokunjwa, na siku moja benchi zima likahama, mmoja mmoja, bila mtu kuniambia neno. Niliondoka kabla ya sala ya mwisho. Sikurudi.

Kisha wakaanza kusema ni chira, laana impatayo mtu aliyevunja miiko. Mama Rispa aliniletea dawa za mizizi, nikanywa zote. Zilipokataa akaacha kuniita nyar Suna. Akaniita "huyo". Huyo amekula? Huyo asiguse chungu cha maji. Alikuwa akisema kwamba nilidharau mikono ya mkunga nikakimbilia kitanda cha chuma, na tazama kitanda cha chuma kilichonipa. Sikumchukia. Yeye ndiye aliyembeba mjukuu wake ziwani akiwa maiti.

Owiti akaoa mke wa pili. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni, akitazama chini. Nikamwambia afanye hivyo. Ningemwambia nini kingine? Nikahamia jiko la zamani, nikalala huko na kuni.

Siku mke mwenzangu alipojifungua salama, mikononi mwa mkunga yule yule, nilisikia vigelegele. Nami nikapiga kigelegele, peke yangu, humo jikoni. Kesho yake nilifunga nguo zangu nikaondoka. Nilikwenda kwa miguu kutoka Sindo hadi kwetu, siku kadhaa, kwa sababu niliogopa kupanda basi na watu. Nililala kwa wenye huruma, nje, nikiwadanganya kwamba napenda hewa.

Baba aliponiona alikata miti akanijengea kibanda nyuma ya zizi. Mama alifua matambara yangu pamoja na nguo zake, kwenye kijito, akiwaambia majirani kwamba ni ya mtoto anayemlea. Fikirini, wasomaji! Mama yangu, mzee wa kanisa, alijifunza uongo uzeeni kwa ajili yangu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, mpaka shangazi yangu Yunia alipokuja kututembelea kutoka Isebania, alikokuwa akiuza vitambaa. Kwa Kijaluo shangazi huitwa waya. Waya Yunia si mtu wa kuzunguka maneno. Aliingia kibandani kwangu, akakaa juu ya kitanda changu kama vile hakina harufu, akasema:

"Nieleze. Usiruke kitu."

Nikamweleza yote, isipokuwa jambo la daktari. Hilo nililificha hata kwake. Aliposikia akasema kwamba kule sokoni, mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mpaka alikuwa na ugonjwa huo huo, na alishonwa katika hospitali ya huko akapona. Nilimwambia sitakwenda hospitali tena maishani. Nilimwambia afadhali nioze. Waya akaniacha nilie hadi nikachoka, kisha akasema atakaa hapo hapo kitandani siku nzima, kesho na keshokutwa, mpaka nikubali. Na kweli alikaa.

Tukavuka mpaka pale Sirare, tukaendelea ndani ya Tanzania. Nilipoona tu gauni jeupe kwenye mlango wa hospitali, nilijilowesha kuliko kawaida, maji yakatiririka hadi sakafuni, nami nikapiga magoti kuyapangusa kwa khanga yangu, nikiomba msamaha.

Muuguzi huyo alikuwa Mkuria, mtu mzima, wakimwita Mama Boke. Aliinama akanishika mkono uliokuwa ukipangusa.

"Acha," alisema. "Kupangusa ni kazi yangu. Nani alikufanyia hivi?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Wote waliuliza nilifanya nini mimi.

Daktari, mwanamke mwenye mvi, alinipima polepole, na kila alilotaka kufanya Mama Boke alinieleza kwanza. Kisha wakanikalisha, Mama Boke akanitafsiria. Alisema kichwa cha mtoto kilikwama. Kilikaa pale muda mrefu mno, kikabana nyama za ndani dhidi ya mfupa hadi zikafa na kutoboka. Mtu wa hivyo hupasuliwa mapema, na mara nyingi mtoto huishi. Nikamwuliza, je, na miguu? Mama Boke hakuelewa. Nikamwambia kwamba mimi nilimnyonga kwa miguu. Alipomtafsiria daktari neno hilo, daktari alivua miwani. Alisema hakuna mwanamke duniani awezaye kumuua mtoto kwa kubana miguu.

Nililia kilio ambacho sikukilia siku ya kifo chenyewe. Waya Yunia alinishikilia kwa nyuma nisianguke.

Mara ya kwanza waliponishona, uzi haukushika. Nilirudi nyumbani nimelowa vile vile, nikasema Mungu amenikataa. Nikarudi tena mwaka uliofuata. Safari hii walinilaza wiki nyingi na mpira wa mkojo, na asubuhi waliyoutoa nilipapasa shuka chini yangu. Ilikuwa kavu. Nikapapasa tena. Mama Boke alisimama pembeni akijifanya anakunja mablanketi, lakini niliona mabega yake yanacheka. Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Nikikohoa sana, au nikibeba mtungi mzito, hutoka kidogo. Lakini nakaa benchi moja na watu.

Nilifunga safari ya Sindo na Waya Yunia. Nilitaka watu wale wajue. Owiti alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Nilimpelekea samaki." Hilo tu. Akarudia tena, "Dorka, nilimpelekea samaki." Mwanamume yule alilia mbele ya mke wake wa pili na watoto wake.

Mama Rispa yeye hakulia. Aliuliza kama sista huyo bado yuko. Owiti alijibu kwamba yuko, na kwamba sasa ndiye mkuu wa wodi. Mama Rispa akaingia ndani, akatoka amevaa nguo zake za kanisani. Alisema yeye ndiye aliyembeba mtoto, kwa hiyo atakwenda.

Huko Homa Bay tulimkuta sista katika chumba chake kidogo cha kazi. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza kuwa na mvi kabla ya wakati. Alitukaribisha kwa upole. Akaniuliza naumwa nini.

Hakunikumbuka! Mimi ambaye sura yake ilinijia kila nilipofumba macho... hakunikumbuka kabisa. Nikamtajia mwezi ule, kitanda, mashua, mtoto mkubwa mwenye nywele. Alifikiri, akatikisa kichwa.

"Wagonjwa ni wengi, mama," alisema. "Siwezi kuwakumbuka wote."

Mama Rispa akasema, "Sisi mtoto huyo tulikuwa naye mmoja."

Sista alinyanyuka, akafunga mlango, akakaa tena. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini kwamba siku zile alikuwa peke yake katika wodi nzima, na kwamba daktari yule alikuwa mkali. Wiki iliyotangulia alimkaripia mbele ya wagonjwa kwa kumwita bure. Aliogopa kumwita tena. Nilimsikiliza nikajishangaa, kwa sababu nilimwamini. Woga ule niliujua. Nilikuwa nao siku ile ile, nimelala kitandani, nikisema mzuri. Yeye alimwogopa daktari, mimi nilimwogopa yeye, na mtoto akafa katikati yetu.

Aliniuliza nataka nini, kama nataka kumshtaki. Nikamwambia, "Nataka umwambie mama huyu kama nilimuua mtoto wangu."

Alitazama sakafu. Nje kengele ya chakula ililia, watu wakapita, wakaisha.

"Hakumuua," alisema.

Mama Rispa akamwomba aseme tena, akinitazama mimi usoni, na ataje jina langu.

"Dorka hakumuua."

Hakuomba msamaha, nasi hatukumwomba aombe. Tulitoka. Pale langoni, Mama Rispa alinishika mkono mbele ya askari na watu wote, akaniambia yeye miaka ile alininyima hata chungu cha maji, na kwamba hajui atasema nini mbele ya Mungu. Nikamwambia twende, jua ni kali.

Owiti amenitaka nirudi katika nyumba yangu. Bado sijajibu. Moyo nao una majeraha yake, na hayashonwi kwa uzi.

Aibu yenyewe haijaniisha, wasomaji wenzangu. Najua sasa kwamba haikuwa yangu, lakini imekaa nami muda mrefu mno, imezoea nyumba. Nimeandika haya yote, na jambo la daktari ni ninyi wa kwanza kulisikia.

Dada zangu, mkiwa kitandani na mwenye gauni jeupe akawauliza hali, semeni kweli, hata kama kuna anayewakodolea macho nyuma yake. Pigeni kelele! Kofi hupoa. Nanyi mnaobaki nje ya lango, msiwaachie watu wenu kwa sababu tu mwenye kuwapokea amevaa vizuri. Ulizeni. Ulizeni tena. Na mkiambiwa kwamba mgonjwa wenu amejiletea balaa mwenyewe, msibebe neno hilo kwenda nalo nyumbani kabla ya kumsikiliza yeye.

Na kama kuna mwanamke anayesoma haya akiwa amekalia khanga iliyokunjwa, amejifungia mahali peke yake... dada, si chira. Si uchafu wako. Toka nje, mwambie mtu mmoja. Tafadhali, usikae kimya miaka niliyokaa mimi.